Ayani zipi kwa kijana anayepanda kiwango? Aina nne bega kwa bega

Kijana wako anacheza gofu, na ana miaka 14. Mwaka jana alifurahi mpira ukiinuka tu kutoka kwenye nyasi. Mwaka huu anarudi na kadi ya matokeo mfukoni, anakusimulia alivyoikosa grini (eneo la nyasi fupi lenye tundu) ya shimo la tano kwa hatua mbili, na analalamika kwamba ayani namba 7 yake imekuwa fupi (ayani ni fimbo zenye kichwa cha chuma, na namba ikiwa ndogo mpira huenda mbali zaidi). Seti ya utotoni haimtoshi tena. Ya watu wazima inamvuta mabega. Na kila unayemuuliza ana lake: kocha anasema subiri kidogo, rafiki yake anasema achukue kama za Tiger Woods, na fundi wa fimbo anauliza jambo ambalo hukulifikiria, "Amebakiza sentimita ngapi za kukua?"

Swali la fundi lina uzito kuliko mengine yote. Mtu mzima akienda kuchagua ayani mwili wake umeshatulia, kwa hiyo anabaki kubishana na vichwa vya fimbo na majina ya kampuni. Kijana anabadilika pande mbili kwa pamoja, mwili na ustadi, na pande hizo haziendi mwendo mmoja. Yupo anayerefuka sentimita 9 kwa mwaka huku swingi yake, yaani anavyoizungusha fimbo, ikivurugika kwa muda. Yupo aliyekwisha kusimama kimo lakini anaboreka, mikwaju yake kwa raundi ikipungua kila mwezi. Ukiwanunulia wawili hao seti moja, mmoja wao utakuwa umemwonea.

Nalinganisha aina nne: seti za vijana zinazotengenezwa kwa kufuata kimo, ayani za kusamehe, ayani za kati ambazo kichwa kina uwazi ndani, na ayani za mchezaji, zile ndogo ambazo chuma chake mara nyingi hufuliwa kama afuavyo mhunzi. Mengine nitayapitia mwishoni kwa haraka.

## Vigezo kabla ya majina

Urefu. Wasichana wengi hukua kwa kasi zaidi wakiwa na miaka 11 au 12, wavulana 13 au 14, na mvulana aliye kwenye kilele anaweza kuongeza sentimita 8 hadi 10 kwa mwaka mmoja. Ayani 7 ya kawaida ya wanaume ina inchi 37 hivi, ya wanawake inchi 36 hivi. Kimo peke yake hakitoshi kuamua, maana wapo warefu wa miguu na wapo warefu wa mikono. Msimamishe kijana amevaa viatu vyake vya gofu, mikono ikining'inia, kisha pima kutoka kifundo cha mkono hadi sakafuni. Vijana wawili wenye kimo sawasawa wanaweza kutofautiana kwa vidole kadhaa hapo.

Wazazi wengi hununua fimbo kama wanavyonunua sare ya shule: kubwa kidogo, atakua ndani yake. Sare kubwa haimfundishi mtoto kutembea vibaya. Fimbo ndefu inamfundisha kusimama wima mno na kuuzungusha mkono kukikwepa kitovu, na tabia hiyo itabaki hata fimbo ikishamtosha.

Shafti, yaani mpini mrefu wa fimbo. Hiki ndicho kigezo kinachopuuzwa kuliko vyote, na kwa maoni yangu ndicho kinachopaswa kutangulia kichwa. Shafti nzito ya chuma, mfano Dynamic Gold ya kawaida, ina gramu 120 hadi 130. Chuma chepesi kiko kati ya gramu 85 na 105 hivi. Grafaiti, yaani nyuzinyuzi za kaboni, kwa ayani mara nyingi huwa gramu 50 na kitu hadi 80 na ushee. Tofauti ya gramu 40 ukiishika dukani huioni. Isikie kwenye mpira wa themanini, jioni, mikono ikiwa imechoka. Zile herufi za ugumu, L, A, R, S na X, kutoka laini hadi ngumu, zisikutishe wala zisikudanganye: hakuna kipimo kimoja kinachozifunga kampuni zote, na R ya huyu inaweza kuwa ngumu kama S ya yule.

Nina sababu ya kulisisitiza hili. Mpwa wangu alipokuwa na miaka 11 nilichukua ayani 7 yangu ya zamani, ya shafti nzito ya chuma, nikaikata inchi 3 kwa juu, nikaivisha mshiko mpya, nikajiona fundi. Alipiga mipira minne. Akaisimamisha chini, akaitazama kutoka juu hadi chini, akasema, "Mjomba, hii ni nondo." Na ilikuwa nondo kweli. Shafti ukiikata inazidi kuwa ngumu, uzito wake mwingi unabaki palepale, na kichwa kinapotea: mtoto akiinua mikono hasikii tena kiko wapi.

Msamaha, yaani mpira unakwenda wapi ukigongwa nje ya kiini cha uso. Karsten Solheim, mhandisi aliyeanzisha kampuni ya fimbo ya Ping, alitoa chuma katikati ya mgongo wa kichwa akakisambaza pembezoni ili kichwa kisipinduke mkononi mpira unapogonga kidoleni (ncha ya mbali) au kisiginoni (upande wa shingo) mwa uso. Ping Eye 2 ya mwaka 1982 iliisambaza fikra hiyo duniani kote, na leo karibu kila ayani isiyo bledi, ile ya kichwa chembamba chenye mgongo usiochimbwa, ni mjukuu wake.

Lofti, yaani mlalo wa uso wa fimbo unaoupandisha mpira, hupimwa kwa nyuzi (digrii). Namba iliyochorwa chini ya fimbo si kipimo. Ayani 7 ya mtindo wa zamani ina nyuzi 34 au 35. Nyingi za kusamehe za leo zina 28 hadi 30. Kwa hiyo kijana anayejisifu kwamba 7 yake mpya inakwenda mbali kuliko ya mwenzake huenda ameshika 5 ya zamani iliyoandikwa 7. La kuangalia ni mpira unapanda kiasi gani na unashuka vipi. Takwimu za TrackMan, rada ya kupima mpira, ambazo makocha wamezitumia kwa miaka zinaonyesha kuwa ayani 7 ya mchezaji wa kawaida wa LPGA (ligi ya wanawake wa kulipwa) inabeba mpira hewani yadi 141 na kutua kwa pembe ya nyuzi 47; kwa PGA Tour ya wanaume ni yadi 172 na nyuzi 50. Angalia ilivyo: yadi 31 za tofauti, lakini pembe ya kutua zinakaribiana. Mpira unaotua kwa mteremko mkali unakaa kwenye grini. Unaotua bapa unakimbia hadi nyuma.

Mwisho, kurekebishika. Kwa mtu mzima hili ni jambo la pembeni, kwa kijana ni nusu ya uamuzi. Je, shafti inaweza kuongezwa urefu? Je, shingo, pale kichwa kinapoungana na shafti, inaweza kupindwa? Je, vichwa vinaweza kuhamia kwenye shafti nyingine miaka miwili ijayo? Kuongeza nusu inchi ni kazi ya kawaida ya fundi, kipande kinagundishwa ndani ya mwisho wa shafti. Ila haiji bure: kichwa kinasikika kizito zaidi, na fimbo inakaa wima zaidi kwa karibu uzi mmoja (digrii moja), kwa hiyo shingo nayo inahitaji kuangaliwa.

## Seti za vijana, za kupimwa kwa kimo

Urefu na shafti. Hapa ndipo zinapowashinda wote. U.S. Kids Golf, kwa mfano, hupanga fimbo zake kwa kimo cha mchezaji kila baada ya inchi 3, hadi kufikia inchi 66, yaani kama sentimita 168. Shafti ni nyepesi, zinapinda kwa nguvu ya mtoto, na mshiko ni mwembamba unaoshikika kwa kiganja kidogo. Msichana wa sentimita 152 anayepiga ayani hizi anasimama kama mchezaji. Mpe za baba yake utaona magoti yanavyofunga.

Msamaha. Wa kutosha. Vichwa vina uzito pembezoni na soli, yaani upande wa chini, pana kiasi. Tatizo huja kijana anapopata nguvu: kichwa chepesi kinaanza kusukumwa na nyasi ndefu, na mipira inaanza kutawanyika kushoto na kulia bila mpangilio.

Lofti. Rafiki. Mpira unapanda hata kwa swingi ya polepole. Seti nyingi huruka namba, na kwa kijana anayepiga 6 na 7 umbali uleule hilo si upungufu.

Kurekebishika. Ndogo. Hazikuumbwa kurefushwa bali kubadilishwa. Sasa piga hesabu: inchi 3 ni sentimita 7.6, na mvulana aliye kwenye kilele anaimaliza saizi moja ndani ya mwaka. Kwa upande mwingine, seti ya saizi iliyotunzwa hupata mtoto mwingine haraka, na baadhi ya watengenezaji hutoa marekebisho ya mara moja bila malipo mtoto akirefuka. Uliza kabla ya kununua.

Zinamfaa kijana ambaye hajafika sentimita 160 hivi na bado anakua, hata kama anacheza vizuri sana. Hapa huwa napingwa na watoto wenyewe, kwa sababu neno "vijana" kwenye begi linawaaibisha. Mwelekeze kwenye kadi ya matokeo.

## Ayani za kusamehe

Hizi ndizo seti ya kwanza ya watu wazima kwa wengi, na zinastahili nafasi hiyo. Kichwa kikubwa, soli pana, uso uliorudishwa nyuma ya shingo kidogo ili upate muda wa kunyooka, mgongo uliochimbwa. Familia ya Ping G na Mizuno JPX Hot Metal ni mifano inayojulikana.

Urefu na shafti. Zinauzwa kwa urefu wa kawaida wa wanaume au wa wanawake, na fundi anaweza kuagiza inchi nusu pungufu. Uzuri wake mkubwa ni kwamba zinapatikana na shafti nyepesi za grafaiti na za chuma chepesi bila kuhangaika. Kijana wa sentimita 163 mwenye shafti ya grafaiti ya gramu 60 hivi anaweza kuzipiga bila kuvutwa.

Msamaha. Ndiyo kazi yake. Ukigonga sentimita moja kuelekea kidoleni, mpira bado unafika ukingoni mwa grini. Ukichimba udongo kidogo kabla ya mpira, soli pana inateleza badala ya kuzama. Kwa kijana ambaye anapata mipira sita mizuri kati ya kumi, hiyo minne mingine ndiyo inayoamua matokeo yake.

Lofti. Hapa kaa chini na karatasi. Lofti kali zinauzwa kwa ahadi kwamba kiini cha uzito kiko chini, mpira utapanda tu. Kwa mwenye kasi, ni kweli. Kwa kijana wa swingi ya polepole, ayani 5 yenye nyuzi 22 inakuwa mzigo tu begini: inatoa mpira wa chini unaokwenda karibu sawa na 6 yake. Mwondolee, mpe haibridi, fimbo ya kichwa kinene inayoupandisha mpira kwa urahisi. Upande wa pili wa seti kuna pengo lililofichika. Pitching weji (weji ni fimbo fupi za mipigo ya karibu) ya Ping G430 ina nyuzi 41. Kijana akiwa na hiyo pamoja na weji ya mchanga ya nyuzi 56 aliyorithi, kuna nyuzi 15 katikati zisizo na fimbo, na humo ndimo wanamopotea wachezaji wanaopanda, kwenye zile yadi 60 hadi 100. Utalazimika kuongeza weji moja au mbili. Hesabu hiyo ifanye mapema, na ukumbuke kanuni ya fimbo 14 kwenye begi.

Kurekebishika. Wastani. Nyingi ni za kumiminwa kwenye kalibu kwa chuma kigumu kisichoshika kutu, na aina ngumu zaidi, ile ya 17-4, haipindiki sana. Uzi mmoja au miwili, na fundi mwenye mkono mzuri. Kurefusha shafti hakuna shida.

Msikio wa mkono haupo sana. Kijana akigonga vibaya fimbo inamfichia, na kwa anayejifunza kulitafuta kosa lake hilo linaweza kumchelewesha. Lakini nasema polepole: hasara hii hutajwa sana na watu wazima waliokwisha kufika.

Zinamfaa kijana aliyekaribia kimo chake cha mwisho, anayecheza mara moja au mbili kwa wiki, ambaye mipira yake bado inatawanyika usoni mwa fimbo.

## Ayani za kati

Kwa jicho la anayesimama juu ya mpira zinafanana na fimbo ya mchezaji: ukingo wa juu mwembamba, shingo iliyonyooka. Ndani kuna uwazi, na uso ni mwembamba unaochipuka kama chemchemi. TaylorMade P790, iliyotoka mwaka 2017 ikiwa na povu maalumu ndani ya kichwa, ndiyo iliyoifanya aina hii ijulikane kote. Srixon ZX5 na nyingine nyingi ziko kwenye mtaa huohuo, kila moja kwa ujenzi wake.

Urefu na shafti. Sawa na za kusamehe kwa urefu, lakini seti zilizokwisha kupangwa dukani huja na chuma kizito kidogo. Usikubali kinachopatikana kwenye rafu. Agiza gramu 95 au chini ya hapo kwa kijana ambaye bado anaota misuli.

Msamaha. Nusu njia. Kosa dogo linavumiliwa. Kosa kubwa linaonekana. Ila kuna tabia moja wanaozitumia wanaijua: mara moja moja mpira unaruka mbali kuliko ulivyokusudia, hasa ukiwa kwenye nyasi zenye unyevu, unapita juu ya grini yote. Uso mwembamba na mzunguko mdogo wa mpira vinachangia hivyo. Kijana anayeanza kuhesabu yadi zake kwa makini atakasirika.

Lofti. Nyuzi 30 na kitu kwa ayani 7, hivyo mzunguko wa mpira ni mdogo kuliko wa fimbo za jadi. Kanuni ya makadirio inasema ayani iupe mpira mizunguko elfu moja kwa dakika mara namba yake, yaani 7,000 kwa namba 7. Ikiwa kijana anapimwa na anaona 5,000 huku kimo cha mpira kikiwa cha chini, mipira yake haitakaa kwenye grini.

Kurekebishika. Inategemea mwili wa kichwa. Vyenye mwili wa kufuliwa hupindika bila mgogoro. Kwa vyenye uwazi vilivyomiminwa, muulize kwanza mtengenezaji.

Zinamfaa kijana mwenye nguvu kuliko miaka yake, aliyesimama kimo, anayetaka fimbo atakayokaa nayo hadi aingie utu uzima. Nionavyo ndizo zinazonunuliwa kwa macho kuliko nyingine zote, kwa sababu zinapendeza na bado zinatoa yadi. Zinaweza kuwa jibu zuri. Zipige kwanza.

## Ayani za mchezaji

Vichwa vidogo vyenye mgongo uliochimbwa kidogo, mara nyingi vya kufuliwa kwa chuma laini cha kaboni. Titleist T100, Srixon ZX7.

Urefu na shafti. Hapa ndipo mtego ulipo. Watengenezaji hudhani mnunuzi ni mtu mzima mwenye kasi, kwa hiyo chuma cha gramu 110 na zaidi ndicho kinachokuja. Lakini hakuna sheria inayosema kichwa kidogo lazima kivae shafti nzito. Kichwa cha mchezaji chenye chuma chepesi cha gramu 95 au hata grafaiti ni chaguo halali kabisa.

Msamaha. Kidogo, ingawa si kidogo kama watu wanavyotisha. Kosa la sentimita moja linaweza kukuacha kwenye mchanga wa mbele badala ya grini. Na mkono unajua papo hapo. Kwa kijana anayefanya mazoezi siku nne kwa wiki, taarifa hiyo ni mwalimu wa pili: anagonga, anasikia, anarekebisha kabla kocha hajafungua mdomo.

Lofti. Hapa zina faida ambayo haizungumzwi vya kutosha. Ayani 7 ya nyuzi 33 au 34 inampandishia mpira kijana wa kasi ya wastani, na pitching weji ya nyuzi 45 au 46 inapokezana vizuri na weji za 50 na 56. Umbali kwenye karatasi unapungua. Mapengo yanakuwa sawa, na kijana anajifunza gofu kwa namba zinazoeleweka.

Kurekebishika. Bora kuliko zote. Chuma laini cha kaboni kinapindwa kwa mkono wa fundi dakika chache, kikarudi tena mwaka ujao. Kijana akirefuka inchi mbili, unaongeza nusu inchi, unarekebisha shingo, unabadilisha shafti akipata nguvu, vichwa vikabaki vilevile.

Zinamfaa kijana mwenye handikapu (kipimo cha ustadi, kikipungua mchezaji ni bora zaidi) ya tarakimu moja au anayeikaribia, anayefanya mazoezi kweli, na ambaye alama za mpira usoni mwa fimbo zake zinakusanyika mahali pamoja. Asiye hivyo zitamnyima furaha, na kijana asiye na furaha uwanjani ataenda kucheza kitu kingine.

## Nyingine zinazotajwa

Bledi tupu: nzuri kwa macho, na Tiger Woods amezitumia maisha yake yote ya kulipwa, lakini wachezaji wengi wa kulipwa wenyewe wamehamia kwenye mgongo uliochimbwa. Fimbo moja ya bledi kwa mazoezi inatosha.

Seti za urefu mmoja, alizozitangaza mchezaji wa kulipwa Bryson DeChambeau, zinarahisisha msimamo kwa sababu kila ayani ina urefu wa 7. Kwa kijana anayekua zina kero moja: akirefuka, zote zinapitwa kwa pamoja.

Seti ya mchanganyiko ndiyo ninayoipenda zaidi kwa aliyeko njia panda: 5 hadi 7 za kusamehe au za kati, 8 hadi weji za mchezaji. Angalia lofti pale seti zinapokutana. Ukiunganisha 7 ya nyuzi 30 na 8 ya nyuzi 38 umechimba pengo la nyuzi 8, mara mbili ya kawaida, na kijana atakuwa na umbali asio na fimbo yake.

Za mitumba hazina ubaya, na kwa kijana anayekua ni akili nzuri. Pima urefu wa kila fimbo, maana mwenye nazo wa kwanza anaweza kuwa alikata au aliongeza. Ping zina nukta ya rangi kichwani: nyeusi ni ya kawaida, bluu inakaa wima kidogo, nyekundu imelala kidogo. Na kama kijana anaelekea mashindano ya juu, uliza mwaka wa kutengenezwa, kwa sababu kanuni za mifereji ya uso zilibadilishwa na wasimamizi wa kanuni za gofu, R&A na USGA kuanzia 2010, na ayani za kabla ya hapo huenda zisikubaliwe huko.

## Vipimo viwili vya kufanya wenyewe

Nunua poda ya miguu ya kupuliza. Ipulize usoni mwa ayani 7, apige mipira mitano. Kila mpira unaacha duara safi kwenye unga mweupe. Mpwa wangu alipofika miaka 14 na fimbo za inchi 37 aliacha maduara yote karibu na shingo, kama mayai kwenye kona ya kiota. Nikamwambia ashike inchi moja chini zaidi. Maduara yakahamia katikati. Hakukuwa na kosa la swingi. Fimbo ilikuwa ndefu.

Kipimo cha pili ni cha kalamu. Chora mstari mnene wa wima kwenye mpira, uweke mstari ukielekea uso wa fimbo, apige. Wino unahamia usoni. Mstari ukisimama wima, shingo iko sawa. Ukiinama, shingo inataka kupindwa: inayokaa wima mno inampeleka mchezaji wa mkono wa kulia kushoto, iliyolala mno inampeleka kulia, na weji ndizo zinazoathirika zaidi. Kijana anayelaumiwa kwa kuvuta mpira kila siku apewe haki ya kipimo hiki kabla ya somo jingine.

## Kwa hali yako

Kama bado hajafika sentimita 160 na viatu vyake vinabadilishwa kila baada ya miezi michache, mwache kwenye seti ya kimo, na pesa ya ziada iende kwa kocha.

Kama yuko katikati ya kurefuka, sentimita 163 hadi 172, na shule inamruhusu kucheza mara moja kwa wiki, chukua za kusamehe za mitumba zenye grafaiti au chuma chepesi, kuanzia 6 hadi weji, pamoja na haibridi moja. Usinunue 4 wala 5.

Kama ni msichana wa miaka 15 ambaye kimo chake hakijabadilika kwa mwaka mzima na anacheza vizuri, mpime kwa fimbo zote, pamoja na za mchezaji. Wengi huishia kupelekwa kwenye rafu ya "za wanawake" kabla hawajapiga mpira hata mmoja, na shafti zilizopo hapo zinaweza kuwa laini mno kwake.

Kama ni mvulana mwenye nguvu, mipira inaruka juu, lakini matokeo yanayumba, za kati zitamvutia. Apige mbele ya fundi mipira ishirini kwa kila aina na waangalie kutawanyika, yadi ziwekwe kando.

Kama anaelekea mashindano na anafanya mazoezi karibu kila siku, za mchezaji za kufuliwa zenye shafti nyepesi, au mchanganyiko, zitakua naye kwa miaka.

Na kama mmebaki na seti mbili, hamjui muamue ipi, ombeni ayani 7 ya kila moja. Asizipige asubuhi akiwa mpya. Apige mwisho wa mazoezi, mikono imechoka, mipira kumi kwa kila fimbo kwenye shabaha ileile. Isahauni ile mizuri. Tazameni ile mitatu mibaya zaidi ya kila fimbo imeangukia wapi, na achukue fimbo ambayo mibaya yake iko karibu na grini.